Kiti cha Dereva

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza kuandika. Mtu akishaingia kwenye filamu, maisha yake si yake tena, ni ya vizazi. Lakini vizazi vingoje kwanza. Haya najiandikia mwenyewe.

Mimi ndiye nyota. Mwongozaji ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, yule anayepiga picha za pasipoti kwenye studio ya karibu na benki. Simu yake ndiyo kamera. Dirisha ndilo taa. Kila Jumapili tunaangalia filamu kwa dada, kwenye kompyuta yenye ufa katikati ya skrini, hata waigizaji wote wana kovu usoni, wabaya na wazuri. Nimemwambia mpwa kwamba ujanani, pale ukumbi wa video, mwenye ukumbi alikuwa ananiuliza mimi filamu itaishaje ndipo aamue kama awashe jenereta. Akacheka mpaka akaweka sahani chini.

Filamu yenyewe ni fupi. Dereva wa teksi anampeleka mwanamke hospitali kumwona baba yake. Njia nzima dereva anapiga hadithi. Wakifika, mwanamke katulia, dereva ndiye analia. Basi. Mimi nimeshalia na bado haijapigwa.

Hadithi za dereva amezitoa kinywani mwangu. Ile ya lori kukatika breki mlimani nikaliteremsha kinyumenyume, abiria juu ya magunia wanaimba. Mpwa anasema hapa hafai mwigizaji, anafaa dereva wa kweli.

Nikasema, naam, umempata.

Jumatano, 5 Machi

Gari limepatikana. La Fundi Redio, rafiki wa mpwa, anayetengeneza simu na spika karakanani kwake. Jeupe, mlango mmoja wa kijani. Kaniuliza kwa adabu kama nina leseni, maana gari hilo ndilo mguu wake. Nikamwambia panya waliila. Panya wa enzi zile walikuwa na tamaa, walianza na picha wakamalizia muhuri. Kacheka. Sasa ananiita Mzee wa Lori.

Kwa kuwa hapa hasomi mtu: lorini mimi nilikaa kiti cha pili. Nilikuwa utingo. Kufunga turubai, kuweka jiwe chini ya tairi, kumwamsha dereva akisinzia. Lakini nani alikuwa anamwambia akate kona? Mimi. Dereva ni macho, mikono ni kibarua tu. Na chuo cha udereva nilikwenda. Mimi na mwalimu hatukuafikiana kuhusu ukuta.

Wasiwasi sina. Nimeshawapa dawa: filamu kubwa hazitembezi gari. Gari linasimama, linatikiswa, vivuli vinapitishwa kwenye kioo. Ndiyo maana kwenye filamu za zamani dereva anageuka nyuma kuongea na abiria, anawasha sigara, anabusu mtu, na hagongi hata kuku. Mpwa akaniambia, "Mjomba, wewe ni chuo kizima."

Chuo kizima. Nimelala nalo hilo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kazi. Gari limesimama uani, nyuma ya karakana. Fundi Redio kakaa juu ya bampa la nyuma, anarukaruka ili gari litikisike. Mpwa kashika tawi la mti, anapita nalo kando ya dirisha ili kivuli kinipite usoni. Akifika mwisho anainama, anarudi mbio chini ya dirisha, anaanza upya. Simu imefungwa kwenye boneti kwa mpira wa baiskeli. Kiti cha nyuma yuko Muuguzi — muuguzi kweli, wa zahanati, katoka zamu, macho mekundu. Mpwa anasema uchovu huo hauigizwi, usipotee.

Nikashika usukani. Nikaukata huku, nikaukata kule. Mpwa akasema kata. "Mjomba, barabara imenyooka."

Muuguzi akauliza huyu mzee anaendesha gari au anasaga unga.

Nikawaambia ninyi hamjui barabara za zamani, zilikuwa hazitulii, ukiangalia pembeni tu imehama. Wakacheka wote, kazi ikaendelea. Mpaka adhuhuri Fundi Redio alikuwa anatembea kama mtu aliyepanda punda mwezi mzima.

Nimeigiza vizuri. Sijisifu, lakini hata mimi nilihisi tunakwenda.

Jumapili, 9 Machi

Mambo yameharibika.

Tumeitazama kwa dada. Uso wangu safi. Vivuli vinapita. Mtikisiko unaaminika. Kisha Muuguzi akanyoosha kidole: nani huyo? Kwenye kioo cha nyuma, juu ya bega lake, yuko mama mmoja wa jirani anaanika shuka. Gari linakwenda kasi, miti inapita, na mama yule yuko palepale. Anaanika. Anakung'uta. Anabana kibanio. Dereva anasimulia mlima mzima, mama anainama kuchukua shuka la pili.

Fundi Redio alilala chini kwa kicheko. Mpwa hakucheka.

Nikasema tubandike gazeti kwenye kioo. Akasema hapana. Maktaba wanaonyesha filamu za wanaoanza, mwisho wa mwezi huu, na mwaka jana walimrudishia yake wakamwambia inaonekana imepigwa sebuleni. (Ilikuwa imepigwa sebuleni. Niliiona, mimi ndiye nilikuwa mzimu.) Safari hii anataka barabara ya kweli. Gari litembee. Jumamosi ijayo, ile njia ya katikati ya maghala, siku hiyo imefungwa, hakuna magari.

Fundi Redio akaona navua kofia yangu na kuivaa tena. Akasema ana wazo: yeye aendeshe, avae kofia yangu, apigwe kwa nyuma. Mimi nipigwe uso peke yake, gari limesimama. Mpwa akafikiri, akasema inawezekana.

Mlango ule ulikuwa wazi, hata ng'ombe angetoka.

Mimi nikasema — bado naisikia sauti yangu — "Mikono yangu haiigizwi na mtu."

Nani alisema? Moyo ulikuwa umeshakubali kofia. Ni huu mdomo. Huu mdomo unajiona una miguu.

Mpwa kanikumbatia. Akasema ndiyo maana ananitaka mimi.

Jumanne, 11 Machi

Dada kaja chumbani kwangu. Hakukaa. Dada akikataa kiti, ujue kimenuka.

Kauliza kama nimekwisha kuwaambia. Niwaambie nini? Akanitazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua. Yeye ndiye aliyekwenda kuniombea kwa mwalimu wa udereva baada ya ule ukuta, anajua. Akasema miaka yote ameniachia lori langu, lori halikuwa na madhara, lilikuwa lori la maneno, na watoto walifurahi. Sasa mtoto wake ndiye anapanda.

Nikamwambia ni barabara fupi, dada.

"Na mtoto wangu ni mmoja, mdogo wangu."

Nikaanza kukunja blanketi lililokwisha kukunjwa.

Akasema hatanisemea. Kinywa kilichoyatoa ndicho kitakachoyarudisha. Ananipa mpaka Ijumaa. Nisiposema, yeye atasema, tena mbele ya Fundi Redio na Muuguzi.

Kaondoka. Kasahau mwavuli wake, na hakuna mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mtu hujikuna ajipatapo. Mimi najikuna mgongo wa jirani.

Tangu jana najifunza. Viatu vitatu sakafuni: cha kushoto klachi, cha kati breki, cha kulia mafuta. Kifuniko cha sufuria ndicho usukani. Kijiti cha mwiko ndicho gia. Kwenye simu kuna bwana anafundisha kwa lugha ambayo siielewi, lakini anatabasamu sana, kwa hiyo haiwezi kuwa ngumu. Bonyeza kushoto, weka gia, achia kushoto polepole, kulia polepole. Viatu vyangu vinatii kabisa. Asubuhi nimeendesha mpaka nikatoka jasho.

Mchana nikaenda karakana. Nikamwambia Fundi Redio dereva lazima azoeane na gari, kama mtu na farasi. Kanipa ufunguo, kageukia redio yake. Nikawasha. Likawaka vizuri. Nikaachia kushoto polepole kama kile kiatu —

Likaruka. Likaruka kama limeng'atwa, likafa, na boneti imebaki hatua moja kutoka kwenye meza ya spika. Nikabaki nimeshika usukani kwa mikono miwili.

Fundi Redio kaja anakimbia. Nikajua ndio mwisho, na nitaapa hapa ambapo hasomi mtu, nilishukuru. Nilishukuru kwamba imekwisha.

Akasema, "Pole, Mzee wa Lori. Kosa langu, sikukuambia. Klachi yake inashika juu, inawasumbua hata mafundi."

Kaomba radhi. Yeye kaniomba radhi mimi.

Nikamwambia nimeligundua hilo, ndiyo maana nililijaribu.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikwenda studio kumwambia. Kweli nilikwenda. Nimevaa shati zuri.

Alikuwa anampiga picha mzee mmoja wa pasipoti, anamwambia kidevu juu kidogo, usiogope, haiumi. Akaniona akafurahi. Akafunga pazia, akanionyesha alichochora: barabara, mahali pa kuanzia, mahali simu itakapokaa, mahali atakapolala yeye. Maana atalala chini, nyuma ya kiti changu, na simu ya pili ya kunasa sauti. Kila kitu kwa penseli. Kwenye kiti cha dereva kachora kichwa changu, na kipara kakikumbuka.

Akasema kuna kitu hajawahi kuniambia. Wengine wote wakisikia anatengeneza filamu wanamuuliza anatengeneza na nini. Mimi peke yangu nilimuuliza inahusu nini.

Basi. Ungemwambia wewe?

Jioni dada kaja kuchukua mwavuli. Kasimama mlangoni. Akauliza, umesema?

Nikasema ndiyo.

Nilidhani atachimba. Hakuchimba. Uso wake ukalegea, akakaa — leo kakaa — akasema alikuwa halali. Akaniambia ahsante, mdogo wangu. Akauliza mtoto alipokeaje. Nikasema vizuri, Fundi Redio ndiye ataendesha, kavaa kofia. Hadithi ikatoka nzima, na vifungo vyake. Dada akacheka kidogo hapo kwenye kofia.

Nimedanganya watu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunishukuru hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari. Kiti cha mbele. Ndiyo, hicho.

Hakuna kinachoendelea kwa sababu ya wingu. Jua lilikuwa kali tulipopiga kipande cha Muuguzi kupanda teksi, na mpwa anasema hatuwezi kuwa na jua mlangoni na kivuli ndani, ni teksi ileile. Kwa hiyo tunangoja. Wanadhani nasoma maneno yangu.

Gari kalileta Fundi Redio. Nilimwambia nyota haendi kazini akijiendesha. Akaliegesha juu kabisa ya njia, akavuta breki ya mkono, akanipa ufunguo. Uko kwenye kiganja, umelowa.

Njia imenyooka. Maghala huku, maghala huku, kuta hadi barabarani. Mpaka nilipofika juu hapa sikuwa nimejua kwamba inateremka. Haiteremki sana. Mwisho wake kuna lango la chuma, limefungwa. Fundi Redio kachora mstari wa chaki pale ninapotakiwa kusimama, kabla ya lango, naye kasimama kando ya mstari ili azuie watu. Kando ya mstari. Nimempungia mkono asogee. Kanipungia naye, anatabasamu.

Muuguzi yuko nyuma, kasinzia. Mkanda hajafunga, mpwa anataka aegemee mbele kwenye kiti changu akinisikiliza.

Mpwa yuko chini. Kalala sakafuni nyuma yangu, magoti kayakunja. Kiwiko chake nakisikia mgongoni kupitia kiti, kila akijigeuza.

Wingu lina umbo la blanketi. Kubwa. Nimeliombea likae.

Sasa hivi anaongea kutoka kule chini, kwa sauti ndogo ili asimwamshe Muuguzi. Anasema mama yake leo asubuhi kamwambia amheshimu sana mjomba wake, maana jana mjomba kafanya jambo la kiungwana, na si rahisi kwa mtu kama yeye. Anauliza jambo gani.

Nikamwambia mama yako anapenda kukuza mambo.

Akasema ukoo mzima mnapenda. Akacheka. Nikakisikia kicheko mgongoni.

Bonyeza kushoto. Weka gia. Achia kushoto polepole. Ile inashika juu. Kulia — kulia ni mafuta. Breki ni ya kati. Kiatu cheusi. Hapa vyote ni vyeusi.

Upepo umeanza. Kule chini lango limeshapata jua, limeng'aa. Mwanga unapanda njia, unapita kwenye chaki, unapita kwa Fundi Redio, kainua mkono juu, unakuja. Muuguzi kaamka, anajifuta uso, anauliza ndio tunaanza?

Mpwa anasema ndio. Mjomba, weka hilo daftari, washa gari.

Jua liko kwenye boneti.

Mjomba, anasema. Mbona umeshika kitasa cha mlango?