Nafasi Niliyoiacha Wazi

Mujukuu wangu Riziki,

Nakusalimia kutoka Alunguli. Niko muzima, mihogo imeota vizuri, ila tangu babu yako afariki nyumba imekuwa kimya mno.

Unauliza kwa nini mwalimu wa kompyuta alikukataza kuweka sufuri mahali usipojua jibu. Wakati wa vita nilikuwa karani wa mizigo kwenye gare ya treni. Treni zilipoacha kuja, vitu vya watu vilibaki kwenye depo ya mizigo. Shefu, mukubwa wangu wa kazi, akaniambia, "Mama, kwenye daftari, pa siku ya kuchukuliwa, weka sufuri kote, tugawane hivi vitu."

Nikamujibu, "Sufuri njo kusema mwenye kitu hatakuja. Sisi hatujui." Alikasirika sana, lakini kalamu ilikuwa mukononi mwangu. Nikaacha wazi.

Kisha miaka ikapita, akaja mama mumoja aliyekuwa amekimbilia Punia, anaulizia cherehani yake. Tulifungua daftari, nafasi yake iko wazi. Cherehani ilikuwa palepale, imejaa vumbi.

Siku hizi nimeandika ukutani majina yenu ninyi mulio mbali, na pembeni nafasi ya siku ya kurudi. Mbele ya jina lako, Riziki, sijaweka sufuri.

Koko wako