Hawa Hakuwa Mchafu

Mafinga

Mama,

Shikamoo. Mpe na baba shikamoo yake. Natumaini kifua chako kimetulia, maana upepo wa Ihanja wa miezi hii naujua, na moshi wa jikoni nao haukuachi. Alizeti mmeshamaliza kupura? Mimi huku ni mzima. Kazi ya mbao ni ile ile, na baridi ni ya kuuma mifupa. Hawa, mjukuu wako, naye ni mzima, na nataka nikueleze huo uzima wake umepatikanaje.

Ningepiga simu, lakini simu yako inakaa kwa dada Zuhura, na kila nikipiga anaweka sauti kubwa na kunijibu yeye. Ndiyo maana barua hii nimempa Shabani, dereva wa lori letu linalokuja Singida. Atakukabidhi mkononi. Isome mwenyewe polepole, halafu msomee baba.

Ujumbe wenu nimeupata. Mnasema nimeiaibisha nyumba, kwamba nilimchukua mtoto kama mwizi, na kwamba nimrudishe kabla shule hazijafunguliwa. Mama, nakuheshimu, na ninakujibu kwa heshima. Simrudishi. Shule nimeshamwandikisha hapa.

Ninyi mnasimulia kuanzia siku niliyoondoka. Mimi naanzia siku niliyofika. Nilipita nyuma ya nyumba ili niwashtue, nikamkuta Hawa amesimama kwenye beseni, upepo unavuma, dada anamsugua kwa dodoki na sabuni ya unga, ile ya kufulia. Viwiko vinatoka damu. Nyuma ya magoti ngozi imechubuka yote. Na mtoto halii. Mtoto wa darasa la kwanza anasuguliwa vidonda na ametulia tu, kama mtu aliyezoea. Hilo linanichoma mpaka leo kuliko ile damu.

Nikamuuliza dada anafanya nini. Akanijibu bila kuacha kusugua, "Huu uchafu ni wa kwao, kwa mama yake. Nautoa kabla haujaambukiza watoto wangu."

Marehemu mke wangu Mariamu hawezi kuja kujijibia. Wewe ulikuwa pale pale, unapepeta. Ulinitazama, halafu ukainamia ungo wako. Mama, dada nina hasira naye, lakini ule ungo ndio unaoniuma zaidi.

Baba akaniita ndani, akasema mwanamume hagombani na dada yake anayemlelea mtoto. Nikanyamaza mbele yake kama mlivyonifundisha. Kesho yake asubuhi nikapanda basi na mwanangu. Sikuaga, kwa sababu ningefungua mdomo ningesema maneno yasiyorudi.

Ndani ya basi Hawa alikalia mikono yake njia nzima. Nilipomwambia aitoe ale chungwa, akasema watu watamwona.

Huku tulielekezwa kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mpole. Nilikuwa nimelichukua lile kopo la mafuta ambalo dada alilinunua mnadani kwa yule mtu wa kipaza sauti. Kopo halina jina wala maelezo. Daktari akalinusa, akamtazama Hawa usoni, pale ngozi ilipong'aa hadi mishipa inaonekana, na upole wake ukaishia hapo. Alisema anashuku mafuta hayo yamechanganywa na dawa kali, inayotuliza mwasho upesi huku ikiikondesha ngozi. Kisha akauliza kwenye ukoo nani ana pumu, au ngozi kavu ya kuwasha. Nikamwambia mama yake. Unakumbuka Mariamu alivyokuwa akijikuna mikono kila kiangazi.

Basi akasema hii ni pumu ya ngozi. Haiambukizi, na haitokani na uchafu. Hawa kazaliwa na ngozi yenye upungufu wa yale mafuta yanayozuia maji ya mwilini yasitoke. Ukiisugua kwa sabuni kali, unaondoa hata hayo machache aliyonayo. Ngozi inakauka, vumbi na vijidudu vinaingia, mtoto anajikuna, inachanika zaidi. Kwa hiyo dada alisema kweli nusu. Imetoka kwa mama yake. Hata mwanya wake umetoka kwa mama yake, na huo hakuna aliyeusugua.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Daktari alinionya kwamba yale mafuta ya mnadani yakiachwa ngozi italipuka kwanza, na kweli ililipuka. Uso ukavimba, ukatoa maji, nikaogopa kwamba nimemtoa kwenu nije nimuue. Tulirudi hospitali mara kwa mara, akapewa dawa ya kupaka ya kipimo chake. Sasa namwogesha mwenyewe. Maji ya uvuguvugu, haraka haraka, sabuni kidogo isiyo na manukato, dodoki hapana. Namkausha kwa kumgusagusa na kanga ya Mariamu, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu nampaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mengi, mwili mzima. Asubuhi nampaka tena. Sweta haligusi ngozi yake, ndani lazima avae pamba. Kiwandani wananicheka kwamba nimekuwa yaya. Wacheke.

Ngozi inarudi. Nyuma ya magoti pamefunga, yamebaki makovu meusi. Daktari hakuniahidi kwamba itaisha. Anasema itakuja na kuondoka, hasa kiangazi, na kazi yangu ni kuilinda hata siku ambazo haiwashi.

Juzi nampaka mgongoni, akaniuliza, "Baba, nikichafuka tena utanirudisha kwa shangazi?"

Nikamwambia hajawahi kuwa mchafu. Hakuniamini, mama. Nilimwona usoni. Ilibidi nitoke nje nikapasue kuni ambazo hazikuhitajika.

Desemba nataka kumleta mwone alivyo. Lakini kabla ya hapo dada amwambie kwa mdomo wake, mbele yako na baba, kwamba alimkosea. Hata kwa simu. Na safari hii usiiname. Asiposema, hatuji. Na tukija, wa kumwogesha ni mimi, au wewe kwa namna niliyoeleza. Mwingine hapana.

Nisalimie baba. Nisalimie mjomba Hamisi, aliyetusindikiza barabarani asubuhi ile bila kuuliza kitu. Nisalimie watoto wa dada, ambao hawajaambukizwa chochote. Dada Zuhura mwenyewe simsalimii, na naomba umwambie hivyo hivyo.

Hawa amesimama hapa anasoma herufi anazozijua. Ameniuliza kama nimeandika salamu za shangazi. Nimemwambia sijaandika. Anasema niandike: "Shangazi, shikamoo. Siku hizi sijikuni sana."

Nimeandika kwa kuwa ni maneno yake. Yangu yanabaki yale ya juu.

Mwanao,
Issa