Pingili za Krismasi

Jumatatu, 4 Agosti
Nyamigogo. Mashamba kumi na tisa sasa. Kuhesabu majani ya muhogo yaliyojikunja, kuandika, kuhamia shamba la pili. Miguu imechoka, mimi nimefurahi. Mlinganyo wangu unasema batobato, ugonjwa huu wa mihogo, husambazwa na inzi weupe, hivyo shamba lililo mbali na mashamba yenye ugonjwa husalimika. Mashamba yote yameutii.

Jumatano, 6 Agosti
La ishirini ni la shangazi, ninayelala kwake. Limenitibulia. Liko peke yake ng'ambo ya bonde, na nusu nzima inaumwa. Nimehesabu mara mbili. Nimeikasirikia mihogo. Ujinga.

Alhamisi, 7 Agosti
Msimamizi wangu wa chuo amejibu: nisilifute shamba hilo, nieleze. Ripoti ya kumalizia shahada inatakiwa Jumatatu. Nilitamani aseme futa. Shamba moja tu, nani angejua? Mimi. Shangazi kaona sili, kauliza kama nimeachwa na mchumba.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeacha kupima umbali. Leo nimeuliza kila nyumba: pingili za mihogo za kupanda ulipewa na nani? Huku hakuna anayenunua. Jirani humpa jirani, ndiyo maana umbali ulinidanganya. Mwisho nikamuuliza shangazi. Akacheka.

"Si wewe, mwanangu? Krismasi. Ule mzigo ulioshuka nao kwenye basi pale Lusahunga."

Kweli. Mama alinifungia pingili kwetu Ngara, maana kwa shangazi hakuendwi mikono mitupu. Nilizipakata njia nzima, nikijiona mpwa mwema. Inzi ni mimi. Aibu imenishika.

Jumapili, 10 Agosti
Nilimwamkia shangazi, nikamwambia yote: ugonjwa nilimletea mimi. Tulipotoka kanisani akachukua jembe. Tumeng'oa nusu shamba, tumechoma. Iliniuma kuliko yeye. Alisema tu kwamba zawadi haikaguliwi, ila kuanzia sasa yeye atakagua.

Jumatatu, 11 Agosti
Ripoti imekwenda. Mlinganyo una sehemu mbili sasa, inzi na watu, na shamba la ishirini limetulia mahali pake. Kwenye mchoro kuna mshale mmoja mrefu, Ngara hadi Nyamigogo. Nimeandika kuwa aliyebeba ni mimi.

Kesho narudi nyumbani kukagua mihogo ya mama. Sijui nitaanzaje kumwambia. Shangazi amenifungia maharage nimpelekee. Ameyachemsha kabisa, yasije yakapandwa.