Mlango Uliojificha Ukutani

Mdogo wangu mpendwa,

Sisi tu wazima, na paa halivuji tena. Nakuandikia habari za binti yako, uliyemfukuza karakanani kwa madai kwamba useremala si kazi ya mwanamke.

Jana alikabidhi mlango wa gereji katika nyumba ya mbao iliyo jirani nasi. Kila ubao wa mlango unafuata mstari wa ubao wa ukuta, rangi ni ileile, na kitasa hakionekani. Mwenye nyumba alifika, akaegemea ukuta, akafoka: "We fundi, mbona umenizibia gereji? Gari nitaliingizia wapi, dirishani?"

"Sogea kidogo, mzee," binti yako akamjibu. "Mlango wenyewe ndio huo uliouegemea."

Akabonyeza rimoti, mlango ukapanda juu kimya kimya. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akampa kazi ya nyumba yake ya pili.

Nilimuuliza ujuzi ule kautoa wapi.

"Kwa baba, shangazi. Si yeye aliyesema ubao usimwache mwenzake?"

Sasa amefungua karakana yake. Kibao cha mlangoni kinasema: "Binti wa Seremala." Nimekikagua kwa jicho la mwalimu, sikuona kosa. Njoo ukisome mwenyewe.

Dada yako, asiyechoka kukusahihisha.