Telefone ya Furaha na kuni ya Mama Riziki

Bunia, siku ya ine, mwisho wa kiangazi. Wingu imejaa upande wa ziwa. Roho yangu imejaa zaidi.

Mulikuwa wapi? Nauliza weye mwenye unasoma. Tangu nilisimulia hapa mu interneti namna tulikimbia na masufuria ku kichwa, hakuna mutu amerudi kuuliza kama sufuria ilifika. Munafungua, munatazama picha, munafunga. Mu nyumba yangu mutu anaingia, anakaa, anakunywa maji, njo anatoka. Ni nani aliwafundisha kupita hivi kama mbuzi ku soko?

Haya, kaa. Nimekasirika, lakini kaa.

Kwa wale bapya: mimi sikusoma hata siku moja. Ninasema, na mujukuu yangu Furaha anaandika. Alisoma mambo ya kompyuta kule Kisangani, akarudi na miwani na mabishano. Nimemukataza kunyoosha maneno yangu. Mbele ya kutuma, ananisomea yote, na nikisikia neno yenye haikutoka mu kinywa yangu, tunaanza upya.

Siye bamama wa mutaa wetu tuko na tanuru ya matofali. Moja tu, yetu sote. Kila mama anafinyanga matofali yake, anakausha, kisha tunapanga pamoja na tunachoma pamoja. Vita inabomoa nyumba, siye tunachoma matofali, vita inabomoa tena. Juu ya hiyo leo sitasema. Nikianza sitamaliza.

Leo nasema juu ya kuni.

Tanuru inakula kuni kama mutu mwenye alifunga siku mingi. Zamani miti ilikuwa hapa karibu, unakata ukisikia batoto yako banalia ku nyumba. Furaha alinionyesha mulima wetu mu telefone, picha yenye inapigwa toka juu kabisa kwa mbingu. Picha ya zamani, kijani. Picha ya sasa, nyekundu. Nilifikiri ni kichwa ya mutu mwenye ananyolewa, wembe ikakatika katikati.

Sasa kuni iko ngambo ya muto. Na ngambo ya muto kuko bwana-bunduki. Leo hawa, kesho wale, sijui majina yao na sitaki kujua. Kila muzigo wa kuni ni mama mwenye aliondoka asubuhi na siye tunabakia kutazama njia.

Basi Furaha akaniambia mimi bibi yake: «Koko, tupunguze kuni. Habari iko, iko wazi mu interneti, hakuna mutu anaikusanya tu.» Njo akaanza kukusanya. Anatafuta hali ya hewa kwa batu wenye bako mbali, hata Bunia hawajakanyaga. Anatafuta kwa bachuuzi wa kahawa wa Mahagi, wenye banaandika kwamba maganda inawajalia depo na hawajui pa kuitupa. Anatafuta kwa wale wenye kupasua mbao, juu ya unga wa mbao. Anafuata ma-grupe ya bashoferi, kujua kama njia inapita ao imefungwa. Yote anaingiza mu telefone, telefone inapiga hesabu, inamuambia: changanya maganda mu udongo, jaza ingine katikati ya matofali, ngojea siku upepo imetulia, washa. Kuni inabakia kidogo tu, ya kuamusha moto.

Nilibisha, munanijua. Siku moja anasema: «Koko, mvua ya kesho iko karante pursa, ni kama makumi ine mu mia.» Nikamuuliza kama ni matofali makumi ine italowana na ingine itabakia kavu. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Mutoto yangu mupenzi.

Lakini nitasema ukweli: mara ya mwisho tulichoma na maganda, matofali ilitoka nzuri. Nyekundu, inalia kengele ukiipiga. Na kuni ilikuwa kidogo kweli. Telefone yake haikusema bongo, ilisema kweli.

Lakini rezo, mutandao ya telefone, inakatika saa yenye unaihitaji, na mega yenye tunanunua inaisha katikati ya neno. Hiyo ni hasira ya siku ingine.

Basi, wiki hii yote ilikuwa tayari. Kamyo, lori ya Mahagi, ilipita, maganda ilifika, magunia imejaa mpaka ku mulango wangu. Telefone ikasema: muwashe siku ya ine, upepo iko chini, mvua kubwa inakuja mwisho wa wiki. Furaha akazunguka kwa bamama wote: «Hakuna kwenda kukata kuni. Munasikia? Hakuna.» Bote bakaitika ndiyo.

Leo asubuhi bakafika.

Kila moja na kuni yake ku kwapa, ya jikoni kwake.

Nilisimama pale mikono kiunoni. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikapiga kelele tu. «Ni nini hii? Hamukusikia mutoto?»

Mama Dhego, jirani yangu, mukubwa kunipita na kichwa ngumu kunipita, akanitazama kama mimi njo mujinga. «Tulisikia. Lakini hii si kuni ya kuchoma. Hii ni kuni ya jina.»

Hapa nikashusha mikono. Sababu ni kweli.

Kwetu, mama mwenye kuwa na matofali mu tanuru anakuja na kuni moja, ya mukono wake mwenyewe. Anaisukuma mu kinywa ya tanuru, anasema jina yake kwa sauti. Njo matofali yake inapata nafasi ya katikati, kwenye moto iko sawa. Mwenye hakuleta kuni, matofali yake inapangwa ku safu ya inje. Na safu ya inje haiivi, mvua ya kwanza inairudisha kuwa udongo. Mama ya bwana yangu alinifundisha hiyo nikiwa bibi-arusi, na mama yake alimufundisha. Telefone ya Furaha ilijua upepo, ilijua njia ya Mahagi. Hii haikujua. Na mimi mwenye kujua, sikufikiri hata kidogo kuisema. Nani anasema kwa mutoto kitu yenye kila mutu anaijua?

Nikatazama bamama. Mama Riziki hayuko.

Mama Riziki ni mukimbizi. Anakaa kule kwenye mahema, chini ya shitingi, turubai ya plastiki, na batoto yake bane ndogo. Miezi yote hii anafinyanga matofali yake jioni, pembeni ya siye, kwa chumba kimoja tu. Chumba chenye mvua haiingii. Mu mahema hakuna muti, hata kijiti ya kusafishia meno. Basi kuni ya jina aliitafuta wapi?

Tulijua bote: ngambo ya muto.

Kisha risasi ikalia, upande wa muto. Mbali. Ya kwanza, kimya, kisha mingi.

Furaha akakamata telefone kuuliza mu grupe ya ba-pikipiki. Rezo hakuna. Akapanda juu ya magunia ya maganda, ananyoosha mukono mbinguni kama mwenye kuchuma embe. Hakuna. Mama Dhego akasema tuwashe, wingu inakuja. Nikamuambia: «Washa nywele yako.» Tanuru ikakaa baridi. Siye tukakaa tunatazama njia, kila mutu na kuni yake ku magoti.

Ninyi wenye munaandika juu ya vita, hii njo vita. Si mizinga. Ni kukaa hivi.

Jua ilikuwa juu ya kichwa alipotokea. Kandambili moja ku muguu, ingine ilibakia kule. Damu ku kisigino. Na ku kichwa, kuni. Mubichi! Kuni yenye haiwezi kushika moto hata ukiiombea wiki nzima.

Alipiga magoti mbele yangu, anahema. «Mama, munisamehe, nimechelewa. Musiniweke inje.»

Musiniweke inje.

Nilimutukana. Nilimutukana kwa sauti yenye ilifika mpaka ku kituo cha pikipiki, nikimushika shingo na mikono yote mbili, ananuka moshi na uoga, na sikumuachilia. Nilimuuliza kama alitaka batoto yake bakule matofali. Nilimuuliza kama mimi niko na roho ya kumuzika. Akalia, nikalia, Mama Dhego akasema twende tukalie kando, tunafungia njia bale wenye kuchota maji. Ule mama!

Kisha nikatwaa ile kuni mubichi. Bote bakafikiri nitaisukuma mu tanuru. Nikaiweka chini, nikaikalia.

«Hii haitachomwa», nikasema. «Hii ni kiti.»

Nikaita Furaha afungue gunia. Nikamupatia Mama Riziki kiganja kimoja ya maganda ya kahawa. «Tupa. Sema jina yako.» Akatupa. Akasema jina yake ya kuzaliwa, yenye siye hatukuisikia bado: Dorika. Pole pole sana. Nikamuambia arudilie, juu masikio yangu imezeeka. Akasema kwa nguvu. Matofali yake, yenye ilipangwa ku safu ya inje, tukaihamisha katikati.

Mama Dhego akauliza: «Na siye? Tulibeba kuni bure?»

«Murudi nayo ku nyumba, mupikie madesu, maharagi ya batoto.»

Bakanung'unika, kweli bakanung'unika. Moja akasema babu zetu batakasirika. Nikasema kama banakasirika bakuje kwangu, ninafika kwao karibuni, tutaongea uso kwa uso. Kisha moja moja bakaingiza mukono mu gunia. Mama Dhego alikuwa wa mwisho, na alichota viganja viwili. Ni desturi yake.

Sasa tanuru inawaka. Nasikia harufu ya kahawa mu mutaa muzima, na kila mupita-njia anauliza wapi banauza kikombe. Kama mvua itangojea, sijui. Telefone inasema itangojea. Niko naiomba telefone, munaona kwenye nimefika.

Furaha ananiuliza ile ya kuni ya jina ataiandika wapi, juu alitafuta mu interneti yote na haiko. Nikamuambia: kama haiko, iweke. Njo sababu munasoma leo.

Basi ukirudi hapa, na urudi haraka, usikuje na kuni. Ukiwa na kuni nitakufukuza. Pita ku gunia, liko pembeni ya mulango, chota kiganja, tupa, sema jina yako kwa nguvu. Kisha ukae. Kile kiti ya kuni mubichi kinatosha batu wawili.