Acha Ipole Kwanza, Fina

Mama,

Sufuria kubwa nimeshaitua kutoka motoni. Iko hapa uani mbele yangu, nimeifunika kwa lile sinia lako lililobonyea pembeni, na mimi nimekaa kwenye kigoda chako nasubiri uji upoe. Kwa kawaida saa hizi ningekuwa nasali. Leo nimechukua kalamu na karatasi za shule za mtoto nikuandikie wewe, kwa sababu misa yako ya ukumbusho ilikuwa juzi, na yametokea mambo ambayo ni haki uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Mama Serafina. Unamjua, kila akipata mafua anatuaga kwamba anakufuata huko.

Habari za nyumbani kwanza. Bati la jikoni lililokuwa linavuja limebadilishwa. Jirani amenunua jogoo anayewika mchana, watu wakiwa wanakula. Mimi bado nauza munkoyo, kinywaji chako kile cha uji na mizizi, kule Kasapa, mahali pako palepale karibu na chuo, na wanafunzi wananiita kwa jina lako, Mama Vero. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi naitika tu.

Sasa niseme ya Désiré.

Mwanao mkubwa alikulilia vibaya, Mama. Yeye ndiye aliyekuwekea rozari, shapele yako ile, mkononi kabla sanduku halijafungwa, na baada ya kutoka kukuzika malaloni alikaa siku nzima ndani ya lori la tajiri wake bila kuliwasha. Daktari alikuwa ametueleza vizuri kwamba figo zako zilichoka tangu zamani na kwamba wewe ulikuwa unatuficha. Mimi nilielewa. Désiré hakutaka kuelewa. Akaanza kwenda kusali kwenye nyumba moja ya maombi, mbali na parokia yetu, na huko mtumishi mmoja akamwambia, "Kintu ilitoka ku mugini, ikapitia ku kinywa."

Kijijini kwetu ni Mitwaba. Na kitu kinachotoka Mitwaba kikaingia kinywani mwetu ni kimoja, mizizi ya munkoyo ambayo mdogo wako, Mama mdogo Monika, amekuwa akitutumia tangu mimi sijaota meno. Désiré alirudi nyumbani macho yamemtoka. "Fina, ni ile mizizi. Mama mudogo njo alimukula mama." Alimaanisha kwamba alikuroga. Akachukua gunia lililokuwa limebaki akalichoma moto hapo nyuma ya choo. Halafu akampigia Mama mdogo simu na kumwambia asikanyage tena ua wetu, lupango hili, wala kwa kilio wala kwa harusi. Simu ilikuwa inasikika mpaka nje, nami nilikuwa nasikia jinsi Mama mdogo anavyopumua.

Mimi sikuwa na nguvu ya kubishana, na Mungu mwenyewe nilikuwa nimeacha kuzungumza naye. Si kwamba nilimkasirikia. Tulikuombea sana pale hospitali, mimi nikipaza sauti mpaka wagonjwa wengine wanageuka, na wewe ukanivuta kitenge ukasema, "Fina, Mungu haiko makala ya moto, ati ukipuliza mingi inawaka." Wiki ile ile ukaenda. Tangu hapo nikifumba macho kusali nilikuwa naona kitanda chako tu, kwa hiyo nikaacha kuyafumba. Jumapili nilikuwa nakwenda kanisani, nasimama watu wakisimama, nakaa wakikaa, narudi nyumbani.

Kazi nilirudia mapema, maana watoto hawali machozi. Mizizi nilinunua sokoni. Uji nilipika kama ulivyonifundisha, laini, muda mrefu, bila madonge. Nilikuwa nautua motoni, natia mizizi iliyopondwa, nafunika, nakwenda kufua. Nikirudi, uji ni uleule. Haukuyeyuka, haukuwa mtamu. Umekaa mzito unanitazama. Nilijaribu tena. Nikabadilisha mwuza mizizi, nikabadilisha unga, nikabadilisha hata maji. Siku moja niliubeba hivyohivyo mpaka Kasapa kwa sababu sikuwa na kingine cha kubeba, na mwanafunzi mmoja mwenye adabu zake akanirudishia kikombe akasema, "Mama Vero, hii si munkoyo, ni buji. Miye haiko mugonjwa."

Wenzake walicheka, na mimi nilicheka nao. Kwenye basi nililia.

Désiré alipoona bidoni za munkoyo zinarudi zimejaa, alisema, "Unaona? Hata kazi ya mama balifunga." Na hapo, Mama, ndipo nataka unisikie vizuri. Nilianza kuamini. Nilianza kukumbuka kila mara Mama mdogo alipokuja, alikaa wapi, alishika nini, kwa nini aliwahi kukuangalia akanyamaza. Uso wa mtu aliyenibeba mgongoni ulikuwa unageuka kichwani mwangu, unakuwa uso mwingine. Niliogopa sana. Kukupoteza wewe kulikuwa kumetosha, na sasa nilikuwa nakwenda kumpoteza yeye kwa mikono yangu mwenyewe, na pamoja naye upande wako wote wa Mitwaba.

Kilichoniokoa ni kusahau zamu.

Wamama wa shirika letu bado wanazunguka kila Alhamisi, leo lupango hili, wiki ijayo lile, kusali pamoja. Ilikuwa zamu yetu nami nimesahau kabisa. Nimetoka tu kutua sufuria motoni, nikasikia wimbo njiani, nikainua macho, wanaingia na viti vyao vichwani, Mama Serafina mbele kama jenerali. Ningefanya nini? Huwezi kuwaacha wageni wa sala uani ukaenda kuponda mizizi. Nikatandika mkeka, nikakaa. Wakaanza shapele.

Nilikuwa nachezesha midomo tu. Lakini sisi tulikuwa wachache siku ile, sauti yangu ikikosekana inajulikana, na Mama Serafina alikuwa ananitupia jicho. Basi nikaanza kuitikia kwa aibu. Nakuambia ukweli, ilikuwa aibu, haikuwa Roho Mtakatifu. Tulipofika katikati nikajikuta nalia, na si kulia kwa adabu. Na unajua walifanya nini? Hakuna. Hakuna aliyesimamisha sala kunibembeleza, hakuna aliyenihubiria. Waliendelea. Mimi sikuweza kuitikia, wakaitikia na sehemu yangu. Salamu Maria moja, nyingine, nyingine, mpaka nikapata pumzi nikajiunga nao tena, nikakuta nafasi yangu bado ipo. Mama, nilisikia kama nimetuliwa mzigo kichwani na watu ambao hata hawakuuliza ndani kuna nini.

Walipokwenda nikakumbuka sufuria. Nikatia kidole, uji ulikuwa vuguvugu, kidole kinakaa bila kuungua. Nikaponda mizizi nikaitia, bila matumaini. Nilipofunua baadaye, uji ulikuwa umeyeyuka wote, mwepesi kama maji ya mto. Kesho yake ulikuwa mtamu. Kasapa waliumaliza kabla jua halijapanda.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka watoto wakaja kuniangalia. Miaka yote nilikuwa nakuona unatua sufuria, unakaa kwenye kigoda hiki, unatoa shapele yako, unaisali yote mpaka mwisho, halafu ndipo unatia mizizi. Nikikuharakisha ulikuwa unasema, "Acha ipole kwanza, Fina. Weye unakuwaka na haraka ya nini?" Mimi nilidhani ni uchaji wako tu, kwamba hutaki kufanya kazi kabla ya kumaliza sala. Kumbe shapele ndiyo ilikuwa saa yako. Mizizi haipendi moto mkali, ukiitia uji ukiwa unachemka unaiua. Na mimi, tangu niache kusali, sikuwa na kitu cha kunikalisha chini. Nilikuwa naiua kila siku, halafu nasema kuna mtu ametufunga.

Hakuna aliyetufunga, Mama. Nililijua hilo kwa kidole changu.

Nikaanza tena. Shapele yako uliondoka nayo, kwa hiyo nahesabu kwa vidole. Siku nyingine nasali kwa moyo, siku nyingine mawazo yangu yako sokoni. Lakini nakaa. Nilikuwa nafikiri wewe unasali ili upewe vitu, na kwamba ulipokufa ilionekana hukupewa. Sasa nikikaa hapa naona ulikuwa unapewa kila siku, ulikuwa unapewa uwezo wa kukaa karibu na kitu cha moto bila kukiharibu. Hiyo ndiyo nguvu niliyoihitaji, maana cha moto kuliko vyote hapa nyumbani kilikuwa kaka yangu.

Misa yako ilipokaribia nilimwambia Désiré kwamba nimempigia Mama mdogo simu na anakuja. Alisimama. "Kama ataingia, miye natoka." Nikamwambia, mizizi haina kosa, kosa ni langu, nilikuwa naitia uji ukiwa moto, na figo zako hazikuugua kwa sababu ya mtu. Akanipa mgongo. Zamani ningepandisha sauti, unanijua. Nikajiambia, Fina, acha ipole kwanza. Nikaenda kupepeta mchele.

Mama mdogo alifika siku ya kabla ya misa, juu ya gari la mihogo, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Miguu imevimba. Amebeba gunia la mizizi. Na hakuingia. Aliliweka gunia chini nje ya lango, akakaa juu yake. "Mutoto ya dada yangu, miye nitakaa hapa. Sitaki kuharibu misa ya dada." Nilimwambia kwamba ni kwa mizizi hiyohiyo nitapika munkoyo wa misa, na mbele ya watu wote nitakunywa mimi wa kwanza, kama anavyotakiwa mpishi. Nikamshika mkono. Mkono wake ni kama wako, Mama, hata ile kucha ya kidole gumba. Tukaingia.

Désiré alikuwa uani anapigilia misumari benchi lililolegea. Alisema Mama mdogo akiingia yeye atatoka. Aliingia, naye hakutoka. Benchi lilikuwa halijakwisha.

Nikatua sufuria. Mama mdogo akakaa kwenye kigoda chako bila kuambiwa ni cha nani, akatoa shapele yake ya mbao, akaanza. Sikuwa nimewahi kusikia akiongoza sala. Ni sauti yako. Hata pale unapovuta pumzi kabla ya jina la Maria, na yeye anavuta. Nyundo ikagonga, ikagonga, ikanyamaza. Yeye anaongoza, mimi naitikia, yeye anaongoza, mimi naitikia, na mahali fulani kwenye fungu la tatu nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamume inaitikia pamoja nami, chini chini, ikifika pale pa saa ya kufa kwetu inakatika, halafu inaanza upya kwenye inayofuata. Sikugeuka. Mama mdogo hakugeuka. Tulisali mpaka mwisho, na nyundo ikaanza tena.

Siku ya misa nilikunywa wa kwanza, kikombe kizima, na Mama mdogo wa pili. Watu wakasifu. Désiré alishika kikombe chake muda mrefu, kisha akakiweka chini kikiwa kimejaa. "Nitakunywa kesho," akasema. Mama mdogo alimsikia. Aliendelea kumega tonge la bukari yake, na mimi nilimpenda sana wakati ule.

Jana asubuhi Désiré mwenyewe ndiye aliyempeleka Mama mdogo kituoni kwa lori. Sijui walichozungumza njiani, huenda hakuna. Aliporudi alikuja moja kwa moja jikoni, akauliza kama munkoyo umebaki. Nikampa chupa. Akaiweka kando ya kiti chake cha dereva, akaenda safari ya Kasumbalesa, hajarudi bado. Sijui kama ameinywa au ameimwaga kwenye kona ya kwanza. Nina hamu ya kujua mpaka vidole vinaniwasha. Sitamuuliza.

Basi, Mama, ndiyo hayo. Bado nakutafuta nikiwa na jambo la kuchekesha, na bado inaniuma kila mara. Nakuahidi lango hili halitafungwa kwa mdogo wako muda wote ninaoishi. Na nakuahidi nitakaa kwenye kigoda hiki kila siku ya kupika, hata siku nisiyokuwa na la kumwambia Mungu.

Leo sikusali, nimekuandikia wewe badala yake. Naomba huko uliko waihesabu kuwa sala. Wafwako, Mama, asante kwa yote. Pumzika.

Nimetia kidole. Imepola.

Binti yako,
Fina