Rungu la Kabatini

Jumapili, Agosti 1974

Silo hilo! Nusura nipige kelele mbele ya kabati la kioo.

Nilikwenda na Moraa, mjane wa Ombati, kuona makumbusho ya ile filamu waliyopiga Wazungu hapa Kisii tukiwa vijana. Mwonyeshaji akatoa rungu la mbao nyepesi, akawaambia wageni, "Mzee huyu ndiye aliyempiga mwenzake akafa wakiigiza vita. Ilikuwa ajali tu." Wakanipigia makofi.

Haikuwa ajali. Ombati alikuwa amesogeza mpaka wa shamba letu. Siku ya kupiga picha niliacha rungu lao la maigizo nikabeba langu lililofanana nalo, la mti mgumu. Fuvu lilipasuka kama kibuyu. Nikampiga tena akiwa chini, kamera ikiendelea; wote walidhani tunaigiza.

Moraa alilipima lile la mbao mkononi. "Mzee, kijiti hiki kingeua hata kuku?"

Kifua changu hiki kinachougua hakitanifikisha Krismasi. Nilimwambia, "Hapana, Moraa. Nilimuua kwa langu, kwa kusudi. Bado liko darini kwangu."

Hakulia. "Lishushe," akasema. "Kesho wana wa Ombati watakuja kwako."

Nimelishusha, liko mezani. Mlango sitaufunga.